Chiriku na Kadi ya Pointi

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akautoa ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kabla ya kufungua mlango akabisha.

"Hodi!" alisema. Kisha, kwa sauti nyingine nzito kidogo, akajijibu mwenyewe, "Karibu."

Ndipo alipofungua na kuingia. Alijua vizuri kwamba ndani hapakuwa na mtu. Lakini kuingia katika nyumba iliyo kimya bila kupiga hodi kulimfanya ajione kama mwizi, tena mwizi wa kwao.

Zamani kuitikia hodi ilikuwa kazi ya bibi. Bibi ndiye aliyempa jina hilo la Chiriku, kwa sababu alipokuwa mdogo maneno yalimtoka mfululizo kama ndege huyo, hata chakula kikiwa mdomoni. Kisha mjomba akapata mapacha, bibi akaitwa kwenda kuwalea katika mji wa mbali, na Chiriku akabaki na mama yake, wawili tu. Baba alikuwa amefariki zamani, Chiriku akiwa bado anatambaa. Shuleni walimwita kwa jina la kwenye rejista. Kuna siku zilizoisha bila yeye kutamka neno lolote mbele ya watu ila "nipo".

Mama alifua mashuka hospitalini, Jumatatu hadi Jumamosi. Aliondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, vidole vimekunjamana kwa maji na miguu imevimba. Jumapili, wengine wakiwa wamelala, alikwenda kusafisha ofisi za kampuni moja. Chiriku aliichukia Jumapili kuliko siku zote. Siku nyingine kulikuwa na shule angalau, hata Jumamosi hadi adhuhuri. Jumapili kulikuwa na sahani iliyofunikwa mezani, saa ya ukutani, na milango ya majirani iliyofungwa pande zote za korido.

Jumamosi moja jioni, alipokuwa akimkanda mama miguu kwa maji ya moto, alijikaza akauliza, "Mama, kesho ni lazima uende?"

"Nisipoenda tutakula nini, mwanangu?" Mama alifumba macho kidogo. "Vitu vimepanda bei. Pesa ya Jumapili ndiyo inayoziba pengo la chakula. Matumizi yakipungua, pengo likazibika, Jumapili nitakaa nyumbani na wewe."

"Kweli?"

"Nakuahidi. Na kuanzia sasa dukani utakwenda wewe, maana mimi nikirudi nachoka hata kuhesabu vidole vyangu. Wewe ndiye waziri wa fedha wa nyumba hii. Ila hazina usiitafune!"

Hazina yenyewe ilikuwa kopo la majani ya chai lililokaa juu ya kabati. Humo mama alitia pesa za matumizi ya mwezi. Usiku ule Chiriku alilala akilitazama kopo hilo. Aliona Jumapili imo ndani yake, na kazi yake ni kuitoa.

Duka kubwa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Mlangoni palikuwa na rundo la vipeperushi vya rangi, vyenye kuponi za kukata kwa mkasi. Ukimpa keshia kuponi, unapunguziwa bei. Tena kulikuwa na kadi ya pointi: kila ukinunua kitu pointi zinaingia, na zikijaa unapewa vocha ya kununulia vitu vingine. Chiriku alijaza fomu ya kadi mwenyewe. Penye jina aliandika "Chiriku", kwa sababu alikuwa na hamu ya kulisikia tena.

Siku ya kwanza alinunua sabuni ya kufulia kwa nusu bei. Keshia, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliipitisha kadi kwenye mashine, akainua uso na kutabasamu.

"Karibu, Chiriku! Tumefurahi kukuona."

Nusura Chiriku aangushe sabuni. Tangu bibi aondoke, hakuna mtu nje ya nyumba yao aliyemwita hivyo. Keshia akampa risiti, na chini kabisa palikuwa na maandishi makubwa: LEO UMEOKOA, na mbele yake kiasi cha pesa.

Jioni mama aliishika ile sabuni akaigeuzageuza. "Nusu bei! Waziri wangu ana akili." Kisha akasinzia kitini kabla hata ya kumaliza chai. Chiriku aliikata ile sehemu ya risiti iliyoandikwa LEO UMEOKOA, akaitia ndani ya kopo tupu la biskuti. "Haba na haba hujaza kibaba," alijiambia. Kopo likijaa, Jumapili itakuwa yake.

Shida ni kwamba kuponi nyingi zilikuwa na sharti: moja kwa mteja mmoja kwa siku moja. Basi Chiriku akawa anakwenda kila siku. Wiki ya kwanza alinunua vitu vya maana, chumvi, mafuta, mchele. Vitu vya maana vikaisha, lakini kuponi hazikuisha. Akanunua dawa ya viatu ya kahawia, ingawa viatu vyake vilikuwa vyeusi, na viatu vya mama pia. Akanunua poda ya mtoto mchanga. Akanunua chakula cha paka cha makopo, kwa sababu kilikuwa na kuponi nono kuliko zote. Siku moja akanunua sabuni ya kuoshea magari, na nyumba ile haikuwa na gari, wala baiskeli, wala hata toroli.

"Akiba haiozi," alijitetea huku akisukuma makopo chini ya kitanda chake. Ni kweli, chakula cha paka hakikuoza. Lakini mbona alikificha? Kwa sababu moyoni alijua kwamba mama akikiona angeuliza swali moja tu, naye hakuwa na jibu.

Na kila siku keshia alisema, "Karibu, Chiriku! Tumefurahi kukuona." Dakika ile moja ilitosha kumvusha jioni nzima. Akiwa njiani alikuwa akijiandalia maneno ya kumwambia: kwamba leo amepata alama nzuri za hesabu, kwamba mvua imemkuta njiani. Alipofika mbele ya mashine maneno yalimkauka, na nyuma yake foleni ilikuwa ndefu. Alisema "asante, anti", akaondoka.

Ijumaa moja aliisahau kadi kwenye sketi nyingine. Alifika kwa keshia na pakiti ya viberiti mkononi na tabasamu tayari usoni. Keshia alimtazama kama anavyotazamwa mtu yeyote.

"Kadi?"

"Nimeisahau, anti. Lakini ni mimi."

"Wewe nani, mwanangu?"

"Ni mimi. Nakuja kila siku."

Keshia hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka tu, mkono mmoja umeshika kiuno. "Wateja ni wengi. Bila kadi mashine hainionyeshi jina. Una pesa kamili? Haya, asante. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mwanamume mwenye mkoba. Alitoa kadi yake, keshia akaipitisha, akasoma kwenye kioo cha mashine, akainua uso na kutabasamu. Alimwita yule mwanamume kwa jina lake, akamwambia kwamba wamefurahi kumwona. Sauti ilikuwa ileile. Tabasamu lilikuwa lilelile.

Chiriku alivuka barabara polepole. Alipofika mlangoni kwao hakupiga hodi. Alifungua tu, akaingia, akakaa kitandani na viatu miguuni. Hata hivyo bado alikuwa na kopo lake la biskuti, na kopo lilikuwa limejaa hadi kifuniko hakikai vizuri.

Kesho yake mama alipoingia tu, hata mkoba hajautua, Chiriku alimletea lile kopo kwa mikono miwili.

"Mama, kesho usiende kazini. Nimeokoa. Zinatosha."

Mama alifunua. Vipande vya risiti vikamwagika mapajani mwake. Alikichukua kimoja, akasoma, akachukua kingine. "Mwanangu, hizi ni karatasi. Pesa zenyewe ziko wapi?"

"Si zimebaki? Zimeandikwa hapo!"

Mama aliinuka akalishusha kopo la majani ya chai. Alilitikisa, nalo likatoa sauti ndogo ya sarafu chache. Alilimimina mezani. "Hizi zilitakiwa zitufikishe mwisho wa mwezi," alisema taratibu. "Kama ungeokoa, ulichookoa kingekuwa humu."

Chiriku aliyatazama makopo yote mawili. Moja lilijaa karatasi, jingine lilikuwa karibu tupu. Alikuwa anajua kujumlisha na kutoa, tena vizuri. Ila hakuwahi hata siku moja kulifungua kopo la pesa kwa nia ya kuhesabu kilichobaki; alikuwa akichomoa tu na kukimbilia dukani. Alipiga magoti bila kuambiwa, akavitoa vitu chini ya kitanda kimoja kimoja, akavipanga sakafuni.

Mama aliiokota sabuni ya kuoshea magari. "Na hili gari letu umeliegesha wapi?"

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo Chiriku aliangua kilio.

"Kwa nini, mwanangu? Dawa ya kahawia kwa viatu vyeusi?"

"Yule anti wa dukani alikuwa ananiita Chiriku," alisema kwa kwikwi. "Wewe ukiwa kazini hakuna mtu anayeniita. Kumbe alikuwa anasoma tu kwenye mashine. Hanijui. Mimi mwenyewe ndiye ninayejijibu hodi, mama, kila siku."

Mama alikaa sakafuni katikati ya makopo ya chakula cha paka. Alimvuta mtoto wake kifuani. Machozi yalimlengalenga.

"Basi hukuwa unanunua poda," alisema mwishowe. "Ulikuwa unanunua mtu wa kukukaribisha. Na kosa si lako peke yako. Nilikutwisha kopo la pesa nikaenda zangu, sikukaa nawe hata jioni moja kukuelekeza. Ila kununua ni kosa la kutojua. Kuficha, hapo ulijua. Hilo ndilo lililoniuma."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini kesho sina budi kwenda, unga wenyewe hautufikishi Jumatano. Na hivi vitu havitalala tena chini ya kitanda. Watafute wenye shida navyo. Milango imejaa humu."

"Mimi siwajui watu wa humu."

"Hodi unaijua?" aliuliza mama. "Basi anza na hiyo."

Jumapili asubuhi Chiriku alisimama ghorofa ya chini, mbele ya mlango wa fundi cherehani, na makopo kikapuni. Watoto wote walimwogopa mzee huyo kwa ukali wake. Lakini paka wa kijivu alilala kila siku dirishani kwake, juu ya vitambaa.

"Hodi!" alisema, na safari hii akanyamaza, akangoja mtu mwingine ajibu.

"Leo sishoni!" ilisema sauti kutoka ndani.

"Sikuleta nguo, fundi. Nimeleta chakula cha paka."

Mlango ulifunguka kidogo. Fundi alichungulia, futi shingoni na pini mbili mdomoni. "Paka wangu kakutuma?"

"Shikamoo. Nilinunua kwa makosa. Sisi hatuna paka."

"Marahaba. Kumbe ulidhani paka atakuja mwenyewe akiona chakula? Karibu, karibu ndani." Fundi aliyatazama makopo, akatoa pesa mfukoni. Alimhesabia kwa bei kamili ya dukani.

Chiriku aliziangalia zile pesa. Zingeliokoa kopo la majani, na fundi asingejua kamwe. Kisha akamrudishia zote mkononi. "Umezidisha, fundi. Mimi nilitumia kuponi. Nililipa nusu."

Fundi alizitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Husemi uongo, kama futi yangu! Haya, chukua nusu yako. Na kama ni kuponi unazotaka, tazama pale." Pembeni mwa cherehani palikuwa na lundo la vipeperushi. "Hivi navikatia vipimo vya nguo. Kuna kuponi za unga na mafuta, na mimi nakula mkahawani. Unga wangu wa nini? Wewe niletee za chakula cha paka, hizi chukua."

Poda aliipeleka ghorofa ya tatu, ambako kila siku alisikia mtoto akilia. Mama wa mtoto alifungua mlango nywele timtim, mtoto begani. Alipoiona poda na kusikia bei alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya mbali, hurudi mara moja kwa mwezi.

"Kaa kidogo, mdogo wangu, unishikie mtoto nianike nguo," alisema. "Tangu jana sijaongea na mtu. Umenikuta namweleza birika habari zangu."

"Mimi huwa najipigia hodi na kujijibu," alisema Chiriku.

Walitazamana, halafu wakacheka pamoja hadi mtoto akasahau kulia.

Mama aliporudi jioni alikuta kopo la majani lina pesa kidogo tena, na mezani kuponi za unga. Alikuwa amechoka, lakini safari hii hakusinzia. Walikaa pamoja, wakafungua kabati na kutazama nini kimebakia na nini kimeisha. Ndipo wakachagua kuponi. Waliweka utaratibu: dukani mara moja kwa wiki, kabati litazamwe kabla ya kipeperushi, na kile kiasi cha LEO UMEOKOA kitengwe siku hiyohiyo kwa pesa halisi. Pesa hizo walizitia katika kopo la biskuti. Kuponi wasizozihitaji Chiriku aliwapelekea fundi na mama wa mtoto, nao wakampa za kwao. Dawa ya viatu ya kahawia ilikwenda kwa fundi, aliyekuwa na viatu vya rangi hiyo. Sabuni ya magari haikupata mwenyewe. Waliishia kuoshea ngazi, na kwa siku mbili ngazi zile ziling'aa kuliko gari lolote barabarani.

Dukani pia kulibadilika kitu. Wiki iliyofuata Chiriku aliishika kadi mkononi bila kuitoa. "Anti, shikamoo. Miguu haijambo?" aliuliza, maana alijua miguu ya mtu anayesimama kutwa huwaje.

Keshia aliacha alichokuwa akifanya. "Marahaba, mwanangu. Inawaka moto," alisema. "Tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza." Wiki ya baadaye, Chiriku akiwa bado kwenye foleni na kadi imo mfukoni, alisikia akiitwa kwa jina lake.

Pengo halikuzibika mara moja. Wakati mwingine kopo la biskuti lilikaa jepesi na Chiriku akakata tamaa. Jumapili kadhaa zilipita na sahani iliyofunikwa mezani. Kisha pointi za kadi zikajaa, wakapata vocha ya kununulia mchele, na mwezi huo pesa za mama zikavuka mwezi zikabaki. Mama alizungumza na msimamizi wa zile ofisi. Wakapatana aende Jumapili moja, apumzike moja.

Jumapili ya kwanza ya mapumziko, Chiriku aliteremka asubuhi kumpelekea fundi kuponi zake. Aliporudi alifika mlangoni, mkono ukaenda shingoni kutafuta ufunguo, mdomo nao ukafanya ulichozoea.

"Hodi!"

Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kujijibu.

"Karibu, Chiriku," ilisema sauti ya mama kutoka ndani.

Alisimama pale mlangoni kwa muda, machozi yakimtoka, hadi mama akauliza kama amekuwa mgeni siku hizi. Wakanywa chai bila haraka, mama miguu juu ya stuli. Mama aliligonga kopo la biskuti kwa ukucha.

"Umeona, mwanangu? Duka likikuambia umeokoa, limehesabu kilichopungua kwenye bei. Wewe hesabu kilichobaki mkononi. Usichokihitaji, hata wakikipunguzia bei namna gani, bado kimekugharimu. Na upweke ukikubana, usiupeleke dukani. Gonga mlango wa mtu. Uniambie na mimi."

"Ndiyo, mama." Chiriku aliweka kikombe chini. Kisha akaanza: kuhusu paka wa fundi anayelala juu ya suti za watu, kuhusu mtoto wa juu aliyeota jino, kuhusu alama za hesabu, kuhusu ile mvua iliyomkuta njiani zamani na hakuwa na wa kumwambia. Maneno yalimtoka mfululizo, mkate ukiwa bado mdomoni.

"Pumua basi, mwanangu," alisema mama akicheka. "Siendi popote leo."